Nyumba ya Mkunazini na Amri ya Tisa

Jumapili asubuhi, ibada ikiisha pale Mkunazini, hutokea jambo ambalo sisi waumini tumelizoea mpaka hatulioni tena. Sisi tunatoka mlangoni na Biblia zetu mkononi, na wageni wanaingia na kamera zao. Tunapishana kizingitini, tunasalimiana kwa kutikisa kichwa, kila mmoja anakwenda zake. Sisi tumetoka kuabudu; wao wamekuja kuona mahali palipokuwa soko la watumwa. Mlango ni mmoja na nyumba ni moja, lakini maneno yanayosemwa ndani yake ni ya namna mbili. Sisi tumehubiriwa Injili. Wao watasimuliwa historia. Katika makala hii nauliza kama historia ile inasimuliwa kwa ukweli uleule tunaoudai mimbarani.

Nauliza kama muumini, si kama mtaalamu. Na nauliza kwa upendo, kwa sababu naipenda nyumba ile. Lakini mtu akiipenda nyumba ya Mungu hatailinda kwa kufunika nyufa zake. Fundi yeyote wa Mji Mkongwe atakuambia kwamba ufa uliofunikwa ndio unaoangusha ukuta.

Tuanze na lililo jema, maana ni kubwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Soko la wazi la Mkunazini likafungwa. Kiwanja kile kingeweza kugeuzwa kuwa bohari, au kuachwa kiwe jalala, na watu wakasahau. Badala yake misheni ya UMCA ilikipata, na siku ya Krismasi ya mwaka uleule wa 1873 jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Aliyeisimamia kazi ni Edward Steere, ambaye mwaka uliofuata aliwekwa wakfu kuwa Askofu, mtu yule yule aliyefanya kazi kubwa ya kuyatia Maandiko katika Kiswahili cha Unguja. Alijenga kwa mawe ya matumbawe, na juu akaweka paa la zege lililopinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Paa la namna ile halikuwa la kawaida, na paa lile bado lipo. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Tunaambiwa na mapokeo kwamba madhabahu ile imesimama pale palipokuwa na nguzo au mti wa kuchapia watumwa. Ndani umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, kule Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Kwenye sehemu ya ubatizo zipo nguzo ambazo inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha juu chini Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Mimi napenda kuziona. Zinanikumbusha kwamba nyumba ile ilijengwa na mikono ya watu wa hapa, pamoja na makosa yao, na Mungu hakuikataa.

Kupapa mahali pa aibu kazi mpya ni jambo la kiinjili kabisa. Mahali ambapo mtu aliuzwa ndipo leo mtoto anapobatizwa kwa jina lake. Sijui mahubiri yanayoweza kulishinda tendo hilo.

Tena tusijione kwamba ni sisi peke yetu tuliopewa mahali pa wengine. Nenda Forodhani uitazame Ngome Kongwe. Kabla ya kuwa ngome, palikuwa na kanisa dogo la Wareno. Waomani walipowafukuza Wareno walijenga ngome mahali hapohapo, mwishoni mwa karne ya 17. Baadaye ngome ikawa gereza, baadaye ikatumika kwa shughuli za reli iliyokwenda Bububu, ikawa pia klabu ya wanawake, na leo watu wanakwenda kusikiliza muziki na kutazama filamu chini ya nyota. Kanisa limekuwa ngome, na soko limekuwa kanisa. Katika kisiwa hiki hakuna aliyejenga juu ya ardhi tupu. Ukilifahamu hilo, unajifunza unyenyekevu: sisi ni wapangaji wa zamu, na baada yetu watakuja wengine watakaotuuliza tumeziacha kuta katika hali gani, na tumesimulia nini.

Kuhusu kuta, nchi imekwisha kupata onyo. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu kubwa ya Beit el Ajaib ilianguka ilipokuwa katika ukarabati, na watu 2 walipoteza maisha. Jumba lile lilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Lilikwisha kuonekana kwenye kadi, kwenye vitabu, kwenye picha za kila mgeni, na kwa kuwa kila mtu alikuwa akiliona, ilikuwa rahisi kudhani kwamba lipo salama. Kuonekana na kutunzwa ni mambo mawili.

Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari wakazibeba kwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu unaingia, na unyevu unatoka. Tatizo huanza pale mwenye nyumba, kwa haraka au kwa uhaba wa fedha, anapoziba ufa kwa saruji. Kwa macho ukuta unakuwa mgumu na safi. Lakini saruji haipumui. Maji yaliyomo ndani yanakosa njia, chumvi inasukuma plasta, ncha za boriti zinaoza kimyakimya ndani ya ukuta. Miaka inapita, watu wanasifu nyumba jinsi ilivyo imara, halafu siku moja ya mvua kubwa inashuka.

Nimeeleza habari ya saruji kwa sababu nadhani na masimulizi yetu tumeyaziba kwa saruji mahali fulani. Sasa nafika kwenye lile linalonisumbua.

Karibu na Kanisa Kuu lipo jengo la Mtakatifu Monica. Chini yake kuna vyumba viwili vya giza. Dari ni ya chini, mtu mrefu anainama. Kuna majukwaa ya mawe pande mbili na njia katikati, na matundu membamba ya kupitisha hewa. Minyororo imewekwa humo. Kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakiambiwa kwamba hapa ndipo watumwa walipofungiwa wakisubiri kuuzwa, na idadi ya waliorundikwa humo hutajwa. Wageni hushuka wakiwa wanazungumza na hupanda wakiwa kimya. Wengine hulia.

Lakini jengo la Mtakatifu Monica lilijengwa na misheni katika miaka ya 1890, kwa kazi ya hospitali. Yaani lilijengwa karibu miaka 20 baada ya soko kufungwa. Wanahistoria wamelisema jambo hili waziwazi: vyumba vile ni sehemu ya chini ya jengo la hospitali, na haielekei hata kidogo kwamba viliwahi kuwafungia watumwa wa soko lile. Hili si neno la siri. Lipo katika maandishi ya wasomi, na mtu yeyote anayeweza kulinganisha mwaka 1873 na miaka ya 1890 anaweza kulifikia mwenyewe.

Ndugu msomaji, najua hili linauma. Linaniuma na mimi. Nilikwisha kushuka mle mara nyingi pamoja na wageni wa familia yangu, nikawaambia maneno yaleyale niliyoyasikia. Kwa hiyo ninapokosoa, najikosoa. Amri ya tisa, katika Kutoka 20, inatukataza kushuhudia uongo. Tumezoea kuifikiria kuwa ni amri ya mahakamani na ya mitaani: usimsingizie mtu wizi, usieneze fitina. Lakini ushuhuda ni neno letu wenyewe. Kanisa linaishi kwa ushuhuda. Na anayesimama mahali patakatifu akasema, "Hapa ndipo ilipotokea," ametoa ushuhuda.

Wapo watakaonijibu. Nimeyasikia majibu yao, na si ya watu wabaya, kwa hiyo nayachukua moja moja.

Jibu la kwanza ni la fedha. Watu husema kwamba kiingilio cha wageni kinasaidia kutunza mahali, na kwamba tukiviondolea vyumba vile hadithi yake, wageni watapungua, na paa la Steere litavuja. Hili si jibu la kudharauliwa. Paa haliezekwi kwa maombi matupu. Lakini swali ni je, tunaamini kwamba mahali pale hapana cha kutosha bila vyumba vile? Soko lilikuwepo kweli. Watu waliuzwa pale kweli. Kanisa lilijengwa juu yake kweli. Nje kuna shimo lenye sanamu 5 za watu waliofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, ya mwishoni mwa miaka ya 1990, na kila anayeitazama anajua kwamba ni sanamu. Haimdanganyi mtu, na bado inamnyamazisha. Mwaka 2016, baada ya ukarabati uliofanywa kwa ushirikiano wa Dayosisi na World Monuments Fund pamoja na fedha za Umoja wa Ulaya, palifunguliwa pia kituo cha maonyesho chenye maelezo ya biashara ile. Mgeni aliyesoma maelezo yale kwa makini hatakosa cha kuondoka nacho. Wala vyumba havihitaji kufungwa. Vinaweza kubaki wazi, na mlangoni pakaandikwa kwa ufupi kwamba jengo hili lilikuwa hospitali, na kwamba vyumba hivi vinatusaidia kuwaza hali ya watu waliofungiwa mahali pengine. Kuwaza si dhambi. Kudai ndiko kunakotushinda.

Jibu la pili ni la huruma. Husemwa kwamba, hata kama si vyumba vyenyewe, mateso yalikuwa ya kweli, na vyumba vinayafanya yaingie moyoni. Naheshimu neno hili, lakini nadhani linageuka dhidi ya walioteswa. Wapo watu duniani, na hata hapa kwetu, wanaopenda kusema kwamba habari za utumwa wa Zanzibar zimetiwa chumvi. Mtu wa namna hiyo anachohitaji ni kosa moja tu. Akishagundua kwamba vyumba si vya soko, atasema na soko halikuwepo, na mjeledi haukuwepo, na yote ni maneno ya wamisionari. Ushahidi mmoja wa uongo unaharibu tisa wa kweli. Waliouzwa Mkunazini hawakudanganya kuhusu mateso yao. Hawastahili kupewa mashahidi wanaotiliwa shaka.

Jibu la tatu husemwa kwa sauti ndogo, nalo ndilo zito kuliko yote: kwamba habari hii inalipa Kanisa heshima. Inatufanya sisi kuwa waliokuja, wakafungua milango ya giza, wakaingiza mwanga. Na hapa lazima tuwe wakweli zaidi, kwa sababu amri ya tisa ina neno moja ambalo tunalipita haraka. Inataja jirani. Ushuhuda wa uongo unakatazwa kwa kuwa unamwumiza jirani.

Jirani yetu ni nani hapa Unguja? Tunaishi katika kisiwa ambacho wengi sana ni Waislamu. Ndio tunaonunua kwao samaki Darajani, ndio wanaotuletea sahani jioni za Ramadhani, ndio tunaozikana nao. Ni wajomba zetu na wakwe zetu. Basi ikiwa hadithi inayosimuliwa katika uwanja wetu inamfanya mgeni aondoke akiamini kwamba Mwarabu na Mwislamu aliuza na Mkristo aliokoa, na basi, tumemshuhudia jirani yetu uongo, hata kama kila sentensi peke yake ina tarehe sahihi.

Maana ukweli wote ni mpana kuliko huo. Wenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba waliwanunua watumwa, ndiyo, na wenye misafara kama Tippu Tip walipata utajiri. Hilo hatulifichi. Lakini karne ya 18 Wafaransa, Wakristo waliobatizwa, walikuwa wakinunua watu katika pwani hii kwa ajili ya mashamba ya miwa ya Mauritius na Réunion. Pembe za ndovu zilizoteremka bara kwa misafara ileile ziliishia kwenye vinanda vya Ulaya na Marekani, katika nyumba ambazo labda zilipigiwa nyimbo za kanisa. Bara wapo machifu waliouza mateka wao. Na Sultan Barghash aliyeutia saini mkataba, huku manowari za Waingereza zikiwa tishio baharini, ndiye huyohuyo anayetajwa katika masimulizi ya kanisa letu kuwa aliitoa saa ya mnara wetu. Kila saa ile inapotazamwa, zawadi ya jirani inatazamwa. Je, tunamwambia mgeni hilo kwa uzito uleule tunaoutumia kuonyesha minyororo?

Tena hatusemi kweli tunapoacha hadithi iishie mwaka 1873. Soko lilifungwa mwaka huo, lakini utumwa haukufungwa nalo. Watu waliendelea kuwa watumwa mashambani na majumbani mwa Unguja na Pemba. Sheria ya kuufuta utumwa ilitoka mwaka 1897, chini ya ulinzi wa Waingereza, na hata hapo mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na mwenye mali, kama alivyoitwa, alilipwa fidia. Masuria hawakuhesabiwa katika sheria ile; iliwafikia mwaka 1909. Piga hesabu. Kati ya jiwe la msingi la kanisa letu na uhuru wa wanawake wale ni miaka 36. Kengele ya Mkunazini ilikuwa ikilia miaka hiyo yote, na waliokuwa wakiisikia wengi wao hawakuwa huru. Mhubiri akikumbuka hilo, atahubiri kwa sauti ya chini kidogo, na atasikiwa zaidi.

Bwana Yesu, katika Mathayo 23, aliwakemea watu waliojenga makaburi ya manabii na kuyapamba. Kosa lao halikuwa kujenga. Kosa lao ni kwamba kwa kujenga walijipa hakika kwamba wao wasingefanya yale baba zao waliyoyafanya. Kila mnara wa kumbukumbu una hatari hiyo. Unatupa mahali pa kusimama, na tukishasimama pale tunajiona tuko upande wa wema. Nyumba ya Mkunazini itatusaidia tu ikiwa itatufanya tuulize nani leo, katika mji wetu huu, anafanya kazi ya nyumbani usiku na mchana bila mshahara wa kutosha, na kama yumo katika nyumba ya mmoja wetu.

Nimesema mengi ya kukosoa. Sasa niseme tufanye nini, maana ukosoaji usiobeba tofali ni kelele tu.

Kwanza, tuyarudishe majina. Historia yetu tumeipa sura ya maaskofu, na kweli walifanya kazi. Lakini misheni ilipofika Zanzibar mwaka 1864, Sultan Majid alimkabidhi Askofu Tozer wavulana 5 waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao ndiye John Swedi, aliyekuja kuwa shemasi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile, mwaka 1879. Cecil Majaliwa naye alikuwa mtoto wa utumwani aliyekombolewa, akasoma hapa Unguja, akalichunga kundi kule Chitangali, kusini ya Tanzania Bara, na mwaka 1890 akawa kuhani wa kwanza Mwafrika wa UMCA. Hawa hawana haja ya chumba cha giza cha kuwathibitisha. Maisha yao ni ushahidi. Na mwaka 1887 kilichapishwa kitabu cha habari walizoziandika wenyewe wavulana wa shule ya Kiungani, jinsi walivyotekwa, walivyosafirishwa, walivyouzwa, kikahaririwa na A. C. Madan. Sauti ya mtumwa mwenyewe tunayo, imeandikwa. Kwa nini tunasisitiza juu ya ukuta usiosema, na mtoto aliyesema tumemweka kabatini?

Pili, tutoke Mkunazini twende Mbweni. Kule misheni ilinunua shamba, ikawakalisha waliokombolewa, na ikawa na shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria. Kanisa la Mtakatifu Yohana bado linasalisha. Shule imekuwa magofu ndani ya eneo la hoteli. Sisemi hoteli ni mbaya. Nyumba yenye mtu anayeifagia huishi kuliko nyumba iliyofungwa kwa heshima. Lakini watoto wetu wa Shule ya Jumapili ni wangapi waliowahi kupelekwa pale wakaambiwa, "Hapa walisoma bibi za kanisa lenu"? Safari ya daladala ni fupi. Na ukweli wa Mbweni una pande mbili: waliokombolewa walipewa mahali na elimu, na pia waliwekwa chini ya sheria za misheni ambazo hawakuzitunga wao. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuyabeba yote mawili, tukimwamini.

Tatu, tujifunze chokaa. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mamlaka ya kuuhifadhi ipo tangu 1985. Lakini hakuna mamlaka inayoweza kupanda kila dari kuangalia kila mfereji wa maji. Kwa nyumba za zamani adui mkubwa ni maji yanayokaa. Kijana mmoja katika kila mtaa wa kanisa anayejua kuzibua mifereji kabla ya masika, kung'oa mche wa mtini ungali mdogo kwenye ukuta, na kukataa saruji pale inapotakiwa chokaa, atafanya zaidi ya harambee 3 za baada ya maafa. Hii nayo ni huduma, na sioni kwa nini isiombewe kama tunavyowaombea wanakwaya.

Nne, tuzungumze na wanaoongoza wageni, kwa heshima. Wengi wao ni vijana wa mji huu, Waislamu na Wakristo, wanaotafuta riziki, na wanasimulia walichosimuliwa. Tusiwarushie lawama iliyo yetu. Tukiwapa hadithi ya kweli, yenye majina na miaka, yenye saa ya Sultan na watoto wa Kiungani, wataisimulia vizuri, kwa kuwa ni nzuri.

Katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli walipovuka Yordani waliambiwa wachukue mawe 12 kutoka mtoni, wayasimamishe, ili watoto wao wakiuliza siku moja mawe haya maana yake nini, wapate jibu. Naona mambo mawili katika agizo hilo. Mawe yalitoka mahali penyewe, mtoni, palipokuwa na miguu yao; hayakutolewa pengine yakasemwa ni ya mto. Na mawe peke yake hayakutosha. Alihitajika mzazi aliye hai, aliyesimama kando yake, wa kumjibu mtoto.

Mwaka jana mjukuu wangu alishuka nami katika vile vyumba viwili. Alishika mnyororo, akaniuliza, "Babu, waliwafunga hapa kweli?" Nikasita. Nikamwambia hapana, si hapa; hapa ilikuwa hospitali. Lakini hapo juu, penye kanisa, waliuzwa kweli, na mmoja wa watoto waliokuwa wakisafirishwa kuuzwa alikuwa mdogo kama wewe, na alikuja kuwa shemasi. Akaniuliza jina lake.

Nikamwambia John Swedi. Akauachia mnyororo, tukapanda juu kwenda kanisani.